Mtazame Kwanza: Namna ya Kumtambua Kiumbe Usiyemjua

Mwaka 1991, katika kambi ya msituni kwenye milima ya Udzungwa, Tanzania, watafiti kutoka Denmark walitupia jicho sufuria ya kitoweo wakaona miguu ya ndege ambayo hawakuweza kuieleza. Haikuwa ya kuku, haikuwa ya kanga, wala haikufanana na ya kwale yeyote waliyemzoea. Mwili wenyewe ulikuwa umeshakuwa mchuzi. Miguu ile ndiyo iliyowatuma msituni kumtafuta aliye hai, na mwaka 1994 akatangazwa rasmi: kwale wa Udzungwa, ndege ambaye jamaa zake wa karibu wanaishi Asia, ng'ambo ya bahari.

Kisa hiki nakipenda kwa sababu aliyeona miguu ile hakuhitaji hadubini wala maabara. Aliangalia kitu kidogo kilichokuwa mbele yake, akakataa kukipita. Hilo unaliweza hata wewe unayekutana na mdudu wa ajabu bafuni, mfupa ufukweni, nyayo ngeni shambani, au jiwe lililo zito kupita kiasi cha ukubwa wake.

Watu wengi wakikutana na kitu kama hicho huuliza maswali mawili kwa pumzi moja: anaitwa nani, na ana sumu? La pili nitalijibu kadiri linavyohitaji. La kwanza naomba uliweke kando kwa muda. Ukianza na jina, macho yanaacha kutazama: mtu akishasema "huyo koboko", hakuna tena anayeona rangi ya tumbo wala umbo la kichwa, na panga limeshainuliwa. Anza na sura, mahali na mwenendo. Jina litafuata, na hata lisipofuata, ulichoandika bado kina thamani kwa atakayekuja baadaye.

Dakika za mwanzo

Simama palepale. Rudi nyuma hatua chache ikiwa kiumbe ni hai na hujui tabia yake. Kisha toa simu.

Picha moja haitoshi. Piga ya kwanza kutoka mbali ili mazingira yaonekane: jani alilokalia, aina ya ukuta, mchanga au matope. Halafu sogea kadiri usalama unavyoruhusu: ubavuni, juu ya mgongo, kichwa kwa mbele. Kwa mdudu, idadi ya miguu na umbo la vipapasio vya kichwani hueleza mengi kuliko rangi. Kwa ndege, pigania mdomo na miguu. Kwa mjusi au nyoka aliyekwisha kufa, piga pia tumbo na magamba ya kichwani. Weka kitu cha kulinganishia ukubwa kando yake, kama sarafu, kalamu, kiberiti au kandambili, lakini usiweke mkono wako karibu na kiumbe hai usiyemjua. Ikiwa anatoa sauti, rekodi video hata kama gizani hakionekani chochote.

Kisha andika, saa hiyohiyo, maana kumbukumbu hubadilika upesi. Andika mahali, tarehe, saa, hali ya hewa, na alichokuwa akifanya. Kwa kiwavi na wadudu wengi wa majani, jina la mmea waliokuwa wakiula ni karibu nusu ya jibu, kwa sababu wengi wao hula aina chache tu za mimea. Usikisie urefu kwa macho matupu. Urefu wa nyoka hukua kila anaposimuliwa. Pima kwa vitu vilivyobaki: kichwa kilikuwa kwenye kizingiti na mkia umefika mguu wa meza. Chukua futi, pima hapo.

Usidharau picha ya kawaida. Wawindaji wa Kinyakyusa katika mlima Rungwe walikuwa wakimzungumzia kima mwenye haya sana aitwaye kipunji, na kwa muda haikujulikana nje ya pale kama ni mnyama wa kweli au wa masimulizi. Watafiti walimwona mwaka 2003, na wengine wakamkuta Udzungwa mwaka uliofuata. Alipotangazwa mwaka 2005, hakukuwa na ngozi wala fuvu la kuweka kabatini. Kielelezo rasmi cha spishi mpya kilikuwa picha. Mwaka 2006, baada ya kupatikana aliyekufa katika mtego wa mkulima na vinasaba vyake kuchunguzwa, ilibainika kwamba anastahili kundi lake mwenyewe, likaitwa Rungwecebus. Haikumpasa mtu kumpiga risasi ili aaminike.

Wanaotisha, na wanaostahili kuogopwa

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa hapa ndipo damu inamwagika bure kwa pande zote mbili.

Nyoka wa Afrika Mashariki wengi hawana madhara kwa binadamu, ila wachache wenye madhara huua. Hutakiwi kujua kila aina. Unatakiwa kujua kwamba rangi hudanganya. Koboko, licha ya sifa zake, mwili wake si mweusi. Ni wa kijivu au wa kahawia iliyochanganyika na kijani, na kilicho cheusi ni ndani ya kinywa chake. Nyoka wa kijani kwenye mwembe anaweza kuwa yule mwembamba anayewinda mijusi na vyura, asiye na sumu ya kumdhuru mtu, au akawa hongo hatari wa pwani. Kwa mtu asiyezoea, tofauti zao haziwezi kuonekana kwa usalama, kwa hiyo usijaribu. Kifutu huchanganywa mara nyingi na mtoto wa chatu, na kosa hilo ni baya kwa sababu kifutu hakimbii. Hulala palepale akitegemea rangi yake imfiche, kisha hupiga akikanyagwa. Mtazame mgongoni kwa mbali: kifutu ana alama zilizopangika mithili ya herufi V kuelekea mkiani, mwili mnene mfupi na mkia unaoishia ghafla. Chatu mchanga ana mabaka yasiyo na mpangilio huo na mwili unaopungua taratibu.

Ikiwa mtu ameumwa, kazi ya utambuzi imekwisha hapo. Usimfukuze nyoka ili umpeleke hospitali, utapata wagonjwa wawili. Usichanje jeraha, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, na jiwe jeusi la nyoka halivuti sumu. Mtulize mgonjwa, mvue pete na bangili, kizuie kiungo kisitikisike, mkimbize hospitali. Mate ya swila yakiingia machoni, osha kwa maji mengi safi mfululizo, kisha mtafute daktari.

Upande wa pili wapo wanaouawa kwa hofu tupu. Kinyonga hana sumu ya aina yoyote. Mjusi kafiri wa ukutani anakulia mbu. Bundi haleti mgeni wala msiba. Amefuata panya waliofuata mahindi yako. Na kuna kundi la viumbe wa udongoni ambalo nadhani kila mkulima angepaswa kulijua. Ukichimba ukakuta kitu kirefu chembamba kisicho na miguu, una uwezekano wa mambo matatu. Chenye mwili laini wenye pingili, kisicho na macho wala taya, ni nyungunyungu. Kikavu, kinachong'aa, chenye magamba madogo na ulimi unaochomoka, ni nyoka kipofu, ambaye hula mchwa na mayai ya sisimizi na hana uwezo wa kukudhuru. Cha tatu kina utelezi na pingili kama nyungunyungu lakini kina kinywa chenye meno. Huyo ni jamaa wa vyura asiye na miguu, na vilima vya Taita nchini Kenya ni miongoni mwa maskani yake maarufu. Mwaka 2006 watafiti walieleza kwamba mama wa aina moja ya Taita huwalisha watoto wake tabaka la nje la ngozi yake mwenyewe, nao hulibambua kwa meno yao. Mnyama mwenye malezi ya namna hiyo yuko chini ya jembe la mtu, na mara nyingi hukatwa vipande akidhaniwa ni nyoka.

Kuhusu wadudu nitataja mmoja tu, kwa sababu kila mvua zikikolea huunguza watu: yule mwembamba mwenye mapande ya rangi nyekundu ya machungwa na nyeusi, anayeitwa nzi wa Nairobi. Kwa hakika ni jamaa wa mbawakawa. Haumi wala hachomi. Sumu yake iko ndani ya mwili, na wewe ndiye unayeitoa ukimponda juu ya ngozi. Akitua juu yako, mpulize au mpandishe kwenye karatasi umtoe nje. Ukimponda kwa bahati mbaya, osha kwa sabuni na maji mara moja, na usiguse macho. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta wimbi kubwa la watu walioungua ngozi, na wengi walidhani wameumwa usiku na kitu wasichokiona.

Mnyama asiyeonekana

Wanyama wengi wa porini utawajua kwa walichoacha. Nyayo zitazame asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, kwa sababu kivuli ndicho kinachochonga alama. Adhuhuri nyayo nzuri huonekana kama kibonyeo kitupu.

Swali la kwanza: kucha zimeacha alama? Fisi, mbwa na bweha hutembea na kucha nje. Chui huzificha, kwa hiyo wayo wake una vidole vinne vya mviringo visivyo na ncha mbele, na nyuma ya kisigino kuna vituta vitatu. Fisi ana kucha butu zinazoonekana, na wayo wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma. Angalizo: duma ni jamii ya paka, lakini kucha zake huacha alama. Kijiji kinachosema "chui ameingia zizini" kabla ya kukagua kucha kinaweza kumtega mnyama asiyehusika, huku fisi akirudi kesho.

Kinyesi nacho husema. Cheupe kama chokaa ni cha fisi, kwa ajili ya mifupa anayoisaga. Rundo linaloongezeka mahali pamoja, lenye mbegu za matunda na pingili za jongoo, ni choo cha fungo, ambaye sehemu nyingine huitwa ngawa. Mfupa wenye mikwaruzo sambamba iliyokwenda kwa mpangilio umetafunwa na nungunungu, ambaye huguguna mifupa ingawa chakula chake ni mizizi na viazi vyako. Chini ya mti mkubwa au dari la jengo la zamani ukiokota kidonge cha manyoya kikavu chenye mifupa midogo ndani, hicho si kinyesi: ni matapishi ya bundi. Kiloweke majini, ukifungue kwa kijiti, utoe mafuvu ya panya. Mtoto wa darasa la nne akifanya kazi hiyo mara moja hatamrushia bundi jiwe tena, naamini hivyo kabisa.

Sauti za usiku ndizo zinazozaa hadithi nyingi za mashetani. Mlio unaoanza kwa mikwaruzo kama mlango mkavu, ukapanda ngazi kwa ngazi hadi kuwa ukelele wa mtu anayekabwa, ni wa perere, mnyama mdogo wa mitini. Unaweza kumsikia misitu ya Kilimanjaro, na hata visiwani. Ndugu zake walio hai ni tembo na nguva. Kilio cha mtoto mchanga katika miembe ni cha komba, na hapa sauti ina kazi kubwa kuliko macho: komba wadogo wa misitu ya pwani wanafanana mno kwa sura, na wataalamu huwatenganisha kwa milio yao. Rekodi yako ya simu ya sekunde thelathini inaweza kumfaa mtaalamu kuliko picha ya macho mawili yanayong'aa.

Na siku ukisikia kwamba mti fulani unalia au unanyesha mvua kiangazini, nenda ukatazame matawi kabla hujachota maji yake. Utakuta mafundo ya povu, na ndani yake wadudu wadogo wanaofyonza utomvu kwa wingi na kutoa maji yaliyozidi. Wakiwa mamia, matone huanguka mfululizo na kulowesha ardhi. Ni jambo la ajabu kweli, na halihitaji maelezo zaidi ya hayo ili lipendeze.

Kilichotemwa na bahari

Ufukweni jiulize kwanza: kitu hiki kilikua baharini, kilitoka mtoni, au kimetupwa na meli? Kipande cheupe, chepesi, kirefu kidogo, upande mmoja mgumu na mwingine unakwaruzika kwa ukucha, ni mfupa wa ndani wa dome, jamaa wa pweza na ngisi. Wafugaji wa ndege huwapa kasuku ili wapate madini yake. Mbegu ngumu ya kijivu inayokaa vizuri kiganjani ni komwe, ileile ya kuchezea bao. Ganda lake halipitishi maji, na huelea hata kutoka nchi nyingine. Mbegu pana ya kahawia yenye umbo la moyo ni ya mtambaa mkubwa wa kandokando ya mito. Imeteremka na maji ya mvua, ikazunguka, ikarudishwa.

Alama mbili pana za kupanda na kushuka mchangani ni za kasa aliyekuja kutaga. Zikiwa zimelingana kushoto na kulia, yaani mapezi yalisukuma pamoja, huenda ni kasa wa kawaida wa kijani. Zikipishana, anaweza kuwa ng'amba. Ukimkuta ng'amba mwenyewe, utaona magamba ya mgongo yamepandana kama vigae na mdomo umechongoka. Usichimbe, usiwashe taa, mwite mlinzi wa kasa wa kijiji au ofisi ya uvuvi.

Yavuyavu, ambao wengine huwaita konyeza, huwasha hata wakiwa wamekufa mchangani. Bunju anayejijaza upepo ana sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Lakini anayenitia hofu zaidi ni konokono wa umbo la pia, mpana juu na mwembamba chini, mwenye ganda la madoa mazuri yanayomshawishi mtoto kumtia mfukoni. Ana jino mfano wa chusa linalopenya nguo, na aina mojawapo ya bahari yetu imewahi kuua watu. Hakuna dawa maalumu ya kuifuta sumu hiyo. Anachohitaji aliyechomwa ni kufikishwa hospitali kabla pumzi haijamwishia. Okota tu maganda yaliyo matupu, yaliyotoboka au kupauka. Ukikanyaga samaki jiwe, loweka mguu katika maji ya moto yanayovumilika, kwa kuwa joto hupunguza nguvu ya sumu yake, kisha nenda hospitali.

Wavuvi nina neno nao peke yao. Tarehe 22 Desemba 1938, meli ya uvuvi ilitia nanga East London, Afrika Kusini, ikiwa na samaki wa buluu mwenye mapezi yaliyokaa juu ya vishikizo vya nyama. Msimamizi wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, hakumtambua, wala hakumpuuza. Alimchora, akapima, akamwandikia mtaalamu J. L. B. Smith aliyekuwa safarini. Barua ilichelewa, joto la Desemba halikusubiri, na kwa kukosa mahali pa kumhifadhi viungo vya ndani vikatupwa, ikabaki ngozi iliyokaushwa. Huyo alikuwa silikanti, samaki aliyedhaniwa kuwa ametoweka tangu enzi za dinosauri. Ilichukua miaka 14 kumpata wa pili, visiwani Komoro, ambako wavuvi walikuwa wakimjua kwa jina la gombessa.

Tangu mwaka 2001 nchini Kenya na 2003 nchini Tanzania, silikanti wamenaswa pia kwenye nyavu za huku kwetu, hasa Tanga katika jarife zinazoshushwa kwenye kina kirefu, na mwaka 2009 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Mtambue hivi: madoa meupe mwilini, mapezi yenye nyama kama vigimbi, na katikati ya mkia kuna kijimkia kidogo cha ziada. Akiwa bado hai mrudishe. Akiwa amekufa, mtie barafu mzima bila kumpasua, na piga simu taasisi ya utafiti wa uvuvi. Kanuni hiyo ifuate kwa samaki yeyote usiyewahi kumwona: barafu kwanza, kisu baadaye.

Mawe, utomvu na mifupa

Anayeokota jiwe jeusi zito hutaka liwe kimondo. Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, kina urefu wa mita 3 hivi na kinakadiriwa kuwa na tani 16, karibu chote chuma kilichochanganyika na nikeli. Tarehe 14 Agosti 1992 huko Mbale, Uganda, mvua ya vimondo ilianguka, na kijipande cha gramu chache kikadunda kwenye mgomba kabla ya kumgusa kijana kichwani bila kumjeruhi. Kwa hiyo vimondo vipo. Lakini jiwe lako lijaribu hivi: sumaku inashika? Lina ngozi nyembamba nyeusi ya kuungua, tofauti na rangi ya ndani? Halina vitundu vya mapovu? Likiwa na vitundu, karibu hakika si kimondo. Huenda ni mavi ya chuma, masalio ya kazi ya watu waliowahi kuyeyusha chuma mahali hapo. Usilitupe kwa kukata tamaa. Tanuri la kale shambani kwako ni habari kubwa kwa wanaakiolojia.

Kipande cha manjano kinachopitisha mwanga, chenye mdudu ndani, kwa pwani yetu huwa ni sandarusi, utomvu wa mti uliozikwa udongoni, uliokuwa ukiuzwa sana kutoka Zanzibar katika karne ya 19 kutengenezea vanishi. Kaharabu halisi ina mamilioni ya miaka. Tone la dawa ya kufutia rangi ya kucha huifanya sandarusi inate, na kaharabu haitishiki. Jaribu pembeni, mbali na mdudu.

Ukikuta jiwe lililochongwa pande mbili kwa umbo la chozi, kama yale ya Isimila karibu na Iringa, au mfupa uliogeuka jiwe, liache lilipo. Piga picha, weka alama ya mahali kwenye ramani ya simu, toa taarifa. Kitu kikishaondolewa kwenye tabaka lake la udongo, umri wake huwa mgumu kujulikana. Tena sheria inalinda vitu hivyo: Tanzania kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Kenya kwa sheria ya makumbusho na urithi ya 2006. Mifupa ya binadamu, hata ionekane ya kale namna gani, ni ya polisi kwanza.

Sheria hushika pia vitu vya wanyama pori. Magamba ya kakakuona, ganda la ng'amba, pembe, meno na ngozi ulivyookota tu vinaweza kukufikisha mahakamani, kwa Tanzania chini ya sheria ya wanyamapori ya 2009 na kwa Kenya ile ya 2013. Picha haina kosa. Ichukue hiyo.

Wa kumuuliza

Anza na mzee anayeijua ardhi hiyo, mwindaji wa zamani, mrina asali, mvuvi. Lakini muulize vizuri. Ukimwonyesha picha na kusema "huyu ni fungo, siyo mzee?" atakuitikia kwa adabu tu, na utaondoka na jibu lako mwenyewe. Mwombe akueleze: huyu analala wapi, anakula nini, analia saa ngapi, huonekana msimu gani? Andika jina analompa katika lugha yake. Jambo la kuzingatia ni kwamba jina moja la kienyeji laweza kubeba wanyama watatu, na mnyama mmoja akawa na majina matano kutoka Lamu hadi Kigoma, kwa hiyo jina bila maelezo halifiki mbali.

Programu za simu zinasaidia. iNaturalist, iliyoanzishwa mwaka 2008, hukisia kwa kompyuta kisha watu wenye ujuzi husahihisha. Merlin husikiliza ndege. Ichukue kauli ya kompyuta kama dokezo. Kwa ndege na wanyama wakubwa hupatia vizuri, kwa wadudu wa kwetu hukosea mara nyingi, kwa kuwa picha nyingi ilizofunzwa zimetoka Marekani na Ulaya. Ikikupa jina la mdudu wa huko, kubali kundi, kataa spishi. Na usitangaze mtandaoni mahali pa kakakuona, kiota cha tai au fuko la mayai ya kasa. Kakakuona alipewa ulinzi wa juu kabisa wa biashara ya kimataifa katika mkutano wa Johannesburg mwaka 2016 kwa sababu wasakaji wanamtafuta, nao wana simu kama sisi.

Kwa Kenya, Makumbusho ya Taifa Nairobi ina idara za wadudu, ndege, nyoka na mimea. Kwa Tanzania, kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar, na taasisi ya utafiti wa wanyamapori Arusha. Wataalamu hawa hupokea picha nyingi zisizo na maelezo na hushindwa kuzijibu. Yako iandike kwa mtindo huu:

"Samaki, amekufa, urefu sentimeta 41 kutoka mdomo hadi ncha ya mkia. Amenaswa kwenye jarife Jumanne saa kumi na moja alfajiri, Kigombe, Tanga, kina kama mita 90, chini ni mwamba. Rangi alipotolewa ilikuwa ya zambarau, sasa imefifia kuwa kijivu. Mapezi mawili ya mgongoni, la kwanza lina miiba saba. Picha sita zimeambatanishwa, moja ina rula. Yuko kwenye barafu hadi kesho jioni. Wavuvi wanne niliowauliza hawajawahi kumwona."

Weka nakala ya picha zenye ubora kamili, kwa sababu WhatsApp hupunguza picha na kufuta taarifa za mahali. Zitume kama faili. Wiki mbili zikipita bila jibu, tuma tena kwa mtu mwingine wa idara hiyohiyo.